Ukimya wa Jikoni kwa Bi Verna

Nyumba aliyozaliwa Corrine Ledbetter ilikuwa ichomwe moto alasiri ile, na mwenye kazi ya kuichoma alikuwa msichana aliyekaa kwenye ngazi za mbele akila ndizi.

"Hii hii?" msichana aliuliza, akageuka kuutazama mlango. "Si ile ya pili?"

"Hii hii. Inua mkono kidogo. Na ukimaliza ndizi usijifutie kwenye koti, kuna waya hapo."

"Mungu wangu, dada Corrine. Na mimi ndiye nitakayeitia kiberiti."

"Wewe umeajiriwa kama mimi. Geuka."

Msichana akageuka. Jina lake lilikuwa Tierney, lakini ndani ya filamu aliitwa Sabel, na kwenye mabango ambayo yangebandikwa mwaka unaofuata lingesomeka jina la Sabel tu. Hadithi yenyewe ilikuwa ya nchi ya kesho kutwa, ya wakati ambao haujafika. Baraza la Mji wa Juu huchukua vijana wa kijiji cha wafumaji kila mavuno, na hakuna aliyewahi kurudi. Sabel anatoroka, wa kwanza. Anarudi kwao akimkuta mama yake ameshazikwa. Majirani wanakuja kumpa pole, anabaki peke yake jikoni, kisha anatoka na kuichoma nyumba kwa mkono wake mwenyewe ili askari wasipate pa kulala. Kijiji kizima kinamfuata, na kuanzia hapo ni vita.

Corrine alikuwa mshika maikrofoni. Kazi yake ilikuwa kuwafunga waigizaji vinasa sauti vidogo chini ya nguo, na wakati wa kupiga picha kusimama pembeni ameinua mti mrefu wenye maikrofoni nchani, pale ambapo kamera haimwoni. Alikuwa ameifanya kazi hiyo katika filamu nyingi za namna hii, kwa kuwa Carolina na Georgia, majimbo ya kusini mwa Marekani, yalikuwa na viwanda vingi vilivyokufa, na nchi za kesho kutwa zinapenda sana viwanda vilivyokufa. Alikuwa amesikiliza wasichana wengi wakiwaokoa watu wao. Hakutarajia kwamba siku moja basi la wafanyakazi lingepinda kushoto pale penye kanisa la Kibaptisti na kumshusha kwao.

Pale waliita Mlimani. Zilikuwa safu mbili za nyumba za mbao ambazo kiwanda cha nyuzi cha Harmon kiliwajengea wafanyakazi wake. Kiwanda kilifungwa Corrine akiwa na miaka sita, mashine zikauzwa nje, na baadaye nyumba nazo zikauzwa, moja moja, hadi zikabaki mikononi mwa mtu mmoja asiyejua azifanyie nini. Huyo ndiye aliyewaambia watu wa filamu wachome wanavyotaka. Mafundi wa mapambo walipofika walizitazama, wakatikisa vichwa, wakazipaka rangi ya majivu. Umaskini wa nyumba zile ulikuwa haujaonekana vya kutosha.

"Mama yako atakuja kuangalia?" Tierney aliuliza.

"Mama haoni. Sukari ilimnyang'anya macho miaka mitatu sasa."

"Pole."

"Ahsante." Corrine alibana waya wa mwisho, lakini hakuondoka. Hakuwa na mazoea ya kusimulia mambo yake kazini. "Unajua anavyofanya? Tangu macho yalipokwenda, usiku huwa anatembea ndani ya nyumba hii. Kwa mawazo. Anaingia mlango huu, anapita sebuleni, anasikia mbao zinavyolia. Chumba chetu cha kulala anakisikia, mti wa nje unakwangua bati. Anafika jikoni, basi. Anasema, 'Naingia jikoni, mwanangu, halafu sisikii kitu. Ni kama mtu amenifungia mlango.' Alikaa humo miaka na miaka, halafu ndipo panapompotea."

Tierney aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo nataka nimpelekee ukimya wa jikoni," Corrine alisema. "Leo. Kabla hujaja na kiberiti chako."

Hakuhitaji kumweleza zaidi, kwa sababu msichana alikuwa mtu wa kazi. Kila chumba kina ukimya wake. Ukimya wa kanisa si ukimya wa bafu, na wa nyumba ya mbao si wa nyumba ya matofali. Ndiyo maana, tukio linapokwisha, watu wa sauti huomba kila mtu asimame pale pale alipo, asikohoe wala asitikise funguo, nao hunasa ukimya ule kwa nusu dakika hivi. Baadaye mhariri huutumia kama fundi wa nguo anavyotumia kitambaa cha rangi ile ile, anatia kiraka kati ya neno na neno, na mtazamaji hajui kama pamewahi kuwa na tundu.

Jumapili iliyopita Corrine alikuja mwenyewe na kinasa sauti chake kidogo. Hakupata kitu. Maseremala walikuwa wakigonga misumari, jenereta linanguruma, malori yanarudi nyuma yakipiga kelele zao. Alielewa siku hiyo kwamba ukimya wa nyumba moja unahitaji watu mia moja wanyamaze kwa pamoja, na watu mia moja hunyamaza kwa amri ya filamu tu.

"Utaupata," Tierney alisema, akampa ganda la ndizi kwa kuwa hakuona pa kulitupa.

Tukio la kwanza lilikuwa la majirani. Kwa umati, kampuni ilikuwa imetangaza kanisani na kwenye duka la mbolea kwamba inatafuta watu wazima wenye nyuso za kazi, na waliojitokeza wengi walikuwa ni wale wale wa Mlimani, waliohamia kandokando ya mji baada ya kiwanda. Walivikwa magunia yaliyochanwa kwa ufundi mkubwa.

"Corrine Ledbetter!" Mzee Hoyt Ballew aliita alipomwona. Alikuwa fundi wa mashine za kufumia zamani, mwenye mabega ya mviringo na mdomo usiotulia. "Njoo unione. Nimefanya kazi kiwandani miaka thelathini sijawahi kuvaa hivi. Leo nimekuwa nyota wa sinema ndipo nikawa ombaomba."

"Umependeza, Mzee Hoyt."

"Usinidanganye. Marehemu mke wangu angeniona angenifungia nje."

"Angekufungia hata ungevaa suti," alisema Bi Odessa Tate aliyekuwa nyuma yake, akirekebisha kilemba cha gunia. "Corrine, mama yako Verna hajambo? Mwambie tunaingia jikoni kwake na viatu vya matope, na hakuna wa kutusema."

Wakajipanga ndani. Jiko lilikuwa dogo, na kumi wao walilijaza. Sabel alikaa mezani, majirani wakapita mmoja mmoja kumgusa bega, na kila mmoja alisema maneno aliyopewa. Mwongozaji, mama mmoja mkimya aliyeitwa Adair, alirudia tukio mara kadhaa, halafu akasema imetosha.

"Ukimya wa chumba!" Lonnie aliita kutoka kwenye meza yake ya mitambo kibarazani. Lonnie alikuwa bosi wa Corrine, na alijua alichokuwa akikitafuta. "Kila mtu abaki alipo. Kimya kabisa, tafadhali."

Jenereta likazimwa. Malori yakanyamaza. Corrine aliinua mti wake katikati ya chumba, juu ya vichwa vya watu waliomjua tangu akibebwa mgongoni, na akausikia ukianza kuja: ule utulivu mkavu wa mbao za msonobari, na hewa inayopita chini ya mlango.

Ndipo Mzee Hoyt alipovua kofia.

Hakuna aliyekuwa amewaeleza. Mtu mmoja kavua kofia, wengine wakavua. Bi Odessa akainamisha kichwa, na wote wakainamisha, kwa kuwa kwao watu kumi hawanyamazi kwa pamoja jikoni kwa sababu nyingine yoyote isipokuwa kusali. Corrine aliona, akaelewa, na hakuweza kufungua mdomo. Alitikisa kichwa kwa nguvu, lakini macho yao yalikuwa yamefumbwa.

"Amina," alisema Mzee Hoyt, alipoona inatosha.

"Amina," wakaitika wote, na kutoka nyuma sauti moja ikaongeza, "na utubariki na safari."

Nje mtu alicheka, kisha wote wakacheka, na jenereta likawaka.

"Nimekosea?" Mzee Hoyt aliuliza, kofia mkononi. "Si mmesema tunyamaze?"

"Hujakosea," Corrine alisema. "Ni sisi hatukusema."

Alikwenda kibarazani. Lonnie alikuwa ameshavua vipokea sauti na kumwita Kessler, msaidizi wa mwongozaji, ambaye ndiye aliyeshika saa ya kila mtu.

"Nipe nusu dakika nyingine," Lonnie alisema.

"Sina. Jua linakwenda, na wazima moto wako hapa kwa malipo ya saa. Tukio linalofuata ni yeye peke yake, halina neno hata moja. Muziki utafunika. Likiisha, nyumba ni ya watu wa moto. Wanaingiza mabomba ya gesi, na hakuna anayerudi ndani."

"Ni kitu kidogo, Kessler."

"Kila mtu leo ana kitu kidogo," Kessler alisema, si kwa ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Nisamehe."

Corrine alichukua mti wake akarudi ndani. Kwa tukio lisilo na neno hakulazimika kuwapo, lakini hakuna aliyemfukuza. Alisimama kwenye pembe iliyokuwa na kabati la vyombo, akauegemeza mti ukutani, akajaribu kusikiliza kwa masikio yake tu. Ilikuwa kama kuteka maji kwa vidole. Nyuma ya kamera mtu alikuwa akikunja nyaya, mwingine anazungumza kwenye redio, na mashine ya moshi ilikuwa ikikohoa uani.

Tierney akaingia. Hakumtazama. Adair akasema anza, na Sabel akakaa kwenye meza ya mama yake.

Hakulia. Alipitisha mkono juu ya meza, akashika ukingo wake, akautazama mlango wa nyuma kama mtu anayesubiri kuitwa. Corrine alijua ni maigizo. Hata hivyo aliendelea kumtazama. Alipokuwa na miaka kumi, kumi na mbili, wakati Mlimani inahama nyumba baada ya nyumba, alikuwa akilala akimsubiri mtu kama Sabel aje awaokoe. Hakujua angekuja na silaha gani wala angempiga nani, maana hakukuwa na askari, hakukuwa na Baraza, kulikuwa na barua tu na malori ya kuhamisha vitu. Lakini alimsubiri.

"Kata," Adair alisema kwa upole. "Nzuri sana."

Watu wakashusha pumzi. Kessler akainua redio yake.

Tierney hakuondoka mezani.

Alibaki vile vile, mkono kwenye ukingo, macho mlangoni. Mtu wa kamera alimwangalia mwongozaji. Katika kazi ile kuna jambo ambalo halikuandikwa popote ila kila mmoja analishika: mwigizaji akiwa bado ndani ya huzuni yake baada ya kuambiwa kata, hasogelewi. Anaachwa hadi atoke mwenyewe. Adair aliinua kiganja juu. Kessler alishusha redio. Neno likapita kwa ishara kutoka chumba hadi chumba na kutoka kibaraza hadi barabarani, msichana bado yumo, na mtu mwenye busara huko nje akazima jenereta.

Wote walidhani anaomboleza.

Corrine pia alidhani hivyo, mpaka Tierney alipohamisha macho, macho tu bila shingo, kutoka mlangoni hadi kwenye maikrofoni iliyokuwa imeegemea ukuta. Kisha akayarudisha.

Corrine aliinua mti. Aliuinua polepole kama anayeinua mtoto aliyelala, akaupeleka katikati ya jikoni. Kupitia dirishani alimwona Lonnie akipachika vipokea sauti na kuinua kidole gumba. Nje hakuna aliyesogea. Mafundi, madereva, wazima moto na Mzee Hoyt na gunia lake, wote walisimama pale walipokuwa. Jikoni kwa Bi Verna pakatulia, pakatulia tena chini ya utulivu ule, naye Corrine akauma meno na kuendelea kuushika mti. Ilipita nusu dakika. Ikapita nyingine, na msichana hakutikisika.

Mwishowe Tierney akajikuna pua.

"Nina njaa," alisema, na nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko.

Alipopita karibu na Corrine hakusimama. Alimgusa tu kiwiko, akatoka kwenda kuchukua kiberiti chake.

Alasiri ile nyumba iliungua kama ilivyopangwa. Adair aliwaomba watu wa umati walie, wakajaribu, lakini hawakuweza. Walisimama wamekunja mikono, nyuso zimekauka. "Siku walipoliangusha bomba la moshi la kiwanda tulisimama hivi hivi," Bi Odessa alimwambia mwongozaji kwa adabu. "Sijui kusimama vingine, mama." Adair alifikiri kidogo, akasema basi simameni hivyo. Corrine alielekeza maikrofoni kwenye moto, akaunasa vizuri kama alivyolipwa kuunasa, paa likiangukia sebule na sebule ikiangukia chini, na hakuvua vipokea sauti hadi alipoambiwa.

Jumapili, baada ya ibada, alikwenda kwa mama yake, mjini Gastonia. Bi Verna aliishi ghorofa ya chini katika jengo la wazee, na alikuwa amebandika maharage jikoni na kutoa mkate wa mahindi kwenye oveni. Pamoja na upofu wake, hakuwahi kujiunguza.

"Kaa ule kwanza," alisema.

"Nitakula, Mama. Kaa wewe kwanza. Nimekuletea kitu."

Alimkalisha mezani, akamvika vipokea sauti vikubwa vya kazini juu ya mvi zake zilizofungwa vizuri kwa ajili ya kanisa. Akabonyeza.

Bi Verna alikaa ameinua kidevu. Corrine aliutazama uso ule kama mtu anayetazama dirisha la nyumba aliyoizoea, akisubiri taa iwake. Haikuwaka.

"Hii nyumba ya nani?" mama yake aliuliza, kwa sauti ya juu ya mtu aliyezibwa masikio.

"Yetu, Mama. Ni jikoni kwako."

"Hapana."

"Ni jikoni, Mama. Nilisimama mwenyewe pale penye kabati la vyombo."

Bi Verna alisogeza kipokea sauti kimoja nyuma ya sikio. "Mwanangu, kiwanda kiko wapi?"

Corrine alivuta kiti akaketi.

"Sakafu ya nyumba ile ilikuwa ikitetemeka usiku na mchana," Bi Verna alisema. "Vikombe vikisemezana kabatini. Jikoni ninapopakumbuka mimi pana mlio wa kiwanda. Siku walipokizima, Mlimani nzima haikulala. Watoto walilia bila sababu. Baba yako alizunguka kitandani mpaka alfajiri, mwisho akachukua mto akaenda kulala kwenye gari, injini inanguruma, ndipo akapata usingizi. Majirani walimcheka. Wiki iliyofuata magari yote ya mtaa yalikuwa yananguruma."

"Sikumbuki," Corrine alisema. "Nilikuwa mdogo. Mimi nilidhani nyumba ilikuwa hivi."

"Kwako ilikuwa hivi." Mama yake alinyoosha mkono, akautafuta wake mezani, akaupata. "Si kosa lako. Huwezi kwenda kukinasa sasa."

Walikaa hivyo. Maharage yalikuwa yakichemka polepole. Corrine alijisikia kama mtu aliyebeba ndoo kutoka mbali sana na kuikuta imevuja njiani, na jambo lililomuuma zaidi lilikuwa kwamba ule utulivu, ambao si wa mama yake, ulikuwa wake mwenyewe, wa kuanzia miaka sita, na alikuwa ameupenda siku zote bila kujua kwamba ni ukimya wa kitu kilichokufa.

Alikuwa anainuka kuvizima vile vyombo, mama yake alipoinua kidole.

"Nani huyo anapumua?"

"Hakuna anayepumua, Mama."

"Yuko mtu. Sikiliza."

Corrine alichukua kipokea sauti kimoja, akainama, akakiweka sikioni, vichwa vyao vikagusana. Alikuwa ameisikiliza sauti ile kwenye gari, njia nzima, na hakuwa amemsikia, kwa sababu alikuwa akisikiliza nyumba. Lakini ni kweli. Ilikuwa pumzi nyembamba, inavutwa kwa tahadhari, inazuiliwa, inaachiwa kidogo kidogo.

"Ni yule msichana," alisema. "Tierney. Alikuwa amekaa kwenye meza yako."

"Analia?"

"Halii. Amejizuia asitikisike, ili mimi nipate sauti."

"Ana umri gani?"

"Kumi na tisa."

Vidole vya Bi Verna vilikuwa vikipapasa ukingo wa meza.

"Mimi nilikuwa na umri huo huo baba yako aliponileta," alisema. "Yeye alikwenda zamu, mimi nikabaki jikoni mle peke yangu. Sikujua kabati gani lina nini. Nikakaa mezani, nikaogopa hata kusogeza kiti, nikangoja mtu aje aniambie nianze na nini. Hakuja mtu."

Sauti ikafika mwisho. Corrine alinyoosha mkono kumvua.

"Rudisha mwanzo," mama yake alisema.

"Si umesema siyo nyumba yetu?"

"Siyo. Rudisha tu. Mtoto wa watu amekaa peke yake mle."